Meno ya Mashimba

Mguu wa Mnunuzi ulikatika kabla ubeti wa pili haujaisha. Sikuusikia ukikatika, maana ngoma zilikuwa sita na zote zilipigwa kwa hasira. Nilichosikia ni kicheko. Kilianza na mwanamke mmoja aliyekalia ndoo mbele kabisa, kikazunguka uwanja mzima kama moto wa kiangazi kwenye mabua. Mnunuzi alikuwa mtu wa mbao, urefu wake sawa na wangu, mwenye kofia ya pama na kalamu sikioni. Aliendelea kuinua kofia na kuwasalimia watu, huku mguu wake wa kulia umelala mavumbini, kiatu cheusi kimetazama juu.

Mimi ndiye niliyemtengeneza. Naitwa Luhaga, fundi seremala wa Bariadi, na haya ninayoyasimulia sikuyasimulia kwa mtu kwa miaka mingi, wala simuombi msomaji anihurumie.

Ulikuwa mwezi wa sita, mwaka 1995, siku ya mashindano ya ngoma ya baada ya mavuno, ambayo sisi Wasukuma tunayaita bulabo. Asiyeyajua nimweleze kidogo. Vikundi viwili, bagalu upande huu na bagika upande ule, hucheza kwa wakati mmoja katika uwanja mmoja. Hakuna jaji wala kengele. Watazamaji husimama katikati, na anayewavutia wengi zaidi ndiye mshindi. Miguu yao ndiyo inayoamua. Ndiyo maana kila manju, yaani kiongozi na mtunzi wa kikundi, hukesha mwaka mzima akitafuta jambo jipya la kuwavuta watu, akiisha kulipata hulificha hata kwa mke wake hadi siku yenyewe ifike.

Mwaka ule jambo jipya la Manju Mihayo, wa bagalu wetu, lilikuwa mtu anayechezea mizani.

Ulikuwa mwaka wa soko huria. Pamba, ambayo tangu nizaliwe ilinunuliwa na ushirika peke yake, ilianza kununuliwa na kila mwenye lori na mizani yake. Walikuja watu wageni wenye viatu vinavyong'aa, wakapanga magunia yao chini ya miti, na haikupita wiki wakulima wakawa wanasimuliana jinsi kiatu kilichopenyezwa chini ya mizani kinavyoweza kuifanya pamba iwe nyepesi. Mihayo alisikiliza masimulizi hayo akacheka mpaka machozi, kisha akaja karakana kwangu akafunga mlango nyuma yake.

"Luhaga," alisema, "nataka mnunuzi wa mbao. Nikivuta kamba hii, ainue kofia asalimie. Nikivuta ile, mguu uinuke taratibu uisukume mizani kwa chini. Taratibu, unanielewa? Kama mtu mwenye adabu zake."

Nilimwelewa. Bariadi nzima ni mimi tu niliyeweza kazi hiyo, kwa sababu ni mimi tu niliyekuwa na mashine ya kukatia nakshi. Niliiunda mwenyewe kwa cherehani ya miguu iliyokufa. Kanyagio lilizungusha gurudumu, gurudumu likapandisha na kushusha mkono wa mti, na kati ya mkono huo na meza ukakazwa msumeno mwembamba kama unyasi. Kwa mashine ile nilikata maua ya vitanda, herufi za milango ya kanisa, na misalaba yenye matundu ambayo watu walikuja kuitafuta kutoka Nassa hadi Lagangabilili.

Lakini mashine si kitu bila meno. Na meno, kwa miaka kumi na zaidi, yalitoka kwa Mzee Mashimba.

Mashimba hakuwa seremala. Alifanya kazi kwenye presi ya kiwanda kimoja cha kuchambulia pamba, pale marobota yanapofungwa kwa mikanda ya chuma. Mikanda iliyokatika aliokota. Katika miaka ile ambayo duka lilikuwa na rafu na vumbi tu, na ukiuliza msumeno wa nakshi muuzaji anadhani unamtania, Mashimba alikaa nyuma ya soko na tindo, jiliwa na tupa yake ya pembe tatu. Aliuchana mkanda vipande vyembamba kama njiti ya kiberiti, kisha akachonga jino moja moja, akifumba macho. Macho, alisema, yana haraka, kidole gumba kina subira. Watu wakaviita vipande vile meno ya Mashimba. Ukiwa fundi katika wilaya ile na huna meno ya Mashimba, ulikuwa mtu wa kutengeneza viti vya kukunja tu.

Ni yeye aliyenifundisha ninachokijua. Mbao nene, alisema, uipe meno machache makubwa, yapate mahali pa kutupia unga. Mbao nyembamba uipe madogo mengi. Meno yatazame chini siku zote, yakitazama juu yatainyanyua kazi yako na kuitupa usoni. Kubadilisha, kwanza unalegeza, unafungua juu, unapenyeza kipande kwenye tundu ulilotoboa katika mbao, unabana chini kisha juu, unakaza. Halafu unakidonoa kwa ukucha na kusikiliza. Kikilia kizito, bado kimelegea. Kikilia kama mbu, umepitiliza, kitakatika. "Kiko katikati hapo," alisema, "kama sauti ya mama anayekuita kula." Na ukianza kukata, usisukume. Iache mbao iende yenyewe.

Mwaka 1993 hivi, duka la Tajudin likajaa. Tajudin mwenyewe hakuwa mtu mbaya, hata leo tunasalimiana vizuri. Siku moja akaniita barazani kwake, akafungua pakiti ya karatasi ya mafuta na kumwaga kiganjani misumeno kumi na miwili ya kutoka Ulaya, ya buluu, iliyonyooka, kila mmoja ukiwa pacha wa mwenzake.

"Fundi, mambo ya mikanda ya marobota yameisha," alisema. "Hii ni dunia nyingine."

Na mimi, kwa sababu kulikuwa na watu barazani wanasikiliza, nikasema kwa sauti ya mtu aliyesafiri sana, "Hata mimi nilishachoka na yale machumachuma." Sijasahau sentensi hiyo. Uongo wote uliofuata ulizaliwa na ile sentensi, pale barazani, soda mkononi.

Ni kweli, misumeno ya Tajudin ilikuwa mizuri. Katika plaiwudi ilipita kama maji, na mkato wake haukuhitaji msasa. Lakini ilikuwa ya namba moja tu, ile nyembamba kabisa, maana ndiyo iliyokuwa ndani ya boksi lililofika. Kwa mbao nene haikufaa. Nililijua hilo kama ninavyolijua jina langu.

Habari za kazi ile zilimfikia Mashimba, sijui kwa njia gani. Alihisi tu, nadhani, maana niliulizia sokoni mninga mkavu wa inchi nzima, na mtu haulizii mninga wa inchi nzima ili atengeneze ua la kitanda. Asubuhi moja akaja karakana, kofia mkono mmoja, mkono wa pili kitambaa cha kanga kilichokunjwa.

"Mwangaluka, Luhaga."

"Mwangaluka, baba."

Akakifungua kile kitambaa. Ndani kulikuwa na kipande kimoja cha msumeno, jino jipya, limepakwa mafuta. Meno yake yalikuwa makubwa, yamepeana nafasi kama watu wanaolima mstari mmoja.

"Sijui unatengeneza nini na sikuulizi," alisema. "Ila mninga ule una kiburi. Hili litaukata. Nimelichonga siku mbili. Usilikimbize."

"Wabeja sana, baba."

Nikalipokea kwa mikono miwili kama inavyopasa, nikalitundika kwenye msumari juu ya dirisha. Lilikaa pale. Mashimba akaondoka kwa furaha, na kabla jua halijasimama kichwani alikuwa ameshamwambia kila mtu nyuma ya soko kwamba jambo la Mihayo la mwaka huu, lolote litakalokuwa, limekatwa kwa jino lake. Hakuwa mtu wa kujisifu. Nadhani alikuwa ameanza kuona wateja wakipita mbele yake wakielekea kwa Tajudin, akataka kushika kitu.

Kwa nini sikulitumia? Nimejiuliza mara nyingi, na jibu ni dogo mpaka naona aibu kuliandika. Jino la Mashimba huacha mikwaruzo. Ningelazimika kupiga msasa nusu siku. Na tena nilikuwa nimeshawaambia watu barazani kwamba mimi ni fundi wa kisasa. Basi.

Nikafunga msumeno wa Tajudin. Wa kwanza ulikatika, wa pili ukakatika, wa tatu vilevile. Wa nne haukukatika. Uliingia ndani ya mninga ukaanza kutoa moshi mwembamba na harufu ya mkate ulioungua, nami nikasukuma. Nikasukuma zaidi. Kwa juu niliufuata mstari wa penseli vizuri sana, kifundo chote cha mguu, kona ile nyembamba ambapo pini ingepita. Nilipoigeuza mbao nikaona nilichokifanya. Msumeno ulikuwa umejipinda ndani kama upinde. Juu ulifuata mstari, chini ulikuwa umekula kifundo karibu chote, na pale palipotakiwa kuwa na unene wa kidole palibaki unene wa ganda la yai.

Mbao ilikuwa hiyo moja. Lori la mninga kutoka Tabora lingekuja wiki ijayo, mashindano yalikuwa kesho kutwa. Nikachukua gundi na unga wa mbao, nikaziba. Nikapaka rangi nyeusi juu ya kifundo na kiatu, rangi mara tatu. Ilipokauka hata mimi sikuona kitu. Nikajiambia utakaa tu, siku moja ina nini.

Haukukaa hata robo saa.

Narudi pale uwanjani. Kicheko kilipozunguka, watu wakaanza kuondoka. Hilo ndilo jambo la kutisha katika bulabo, hakuna anayekuzomea, wanageuka tu mgongo. Nikaona migongo ya magauni na mashati ikielekea kwa bagika, ambao walikuwa na chatu wa kweli. Manju Mihayo akaacha kuimba. Jasho lilimtiririka kwenye unga aliojipaka usoni. Akauokota mguu, akanijia pale nilipokuwa nimesimama na wapiga ngoma, akauliza kwa sauti ambayo watu mia mbili waliisikia.

"Luhaga. Uliukata kwa kitu gani huu?"

Sina budi kusema kilichokuwa kichwani mwangu. Hakukuwa na kitu. Niliona watu, nikamwona Tajudin amesimama na miwani yake ya jua, na nikamwona Mashimba mstari wa tatu, amevaa koti lake la kanisani, ameinuka kidogo kwenye vidole apate kuona. Kila mtu sokoni alikuwa anajua jino lililokata mguu ule lilikuwa la nani. Alikuwa amewaambia mwenyewe. Sikuhitaji hata kutunga uongo, ulikuwa umeshatungwa na furaha yake, ulinisubiri tu niupokee.

"Kwa jino la Mashimba," nikasema.

Vichwa vikageuka. Mashimba akaja mbele polepole, watu wakimpisha. Alinyoosha mkono, Mihayo akampa mguu. Akafumba macho, akapitisha kidole gumba juu ya mkato, mara moja, mara mbili. Kisha akaupeleka puani akanusa pale palipoungua. Alipofungua macho alinitazama mimi, si Mihayo, na nikajua kwamba anajua. Meno yake hayaachi mkato laini. Meno yake hayaunguzi. Na meno yake hayapindi kamwe, yakishindwa hukatika, kwa sababu mkanda wa robota ni chuma kikavu. Mkato ule ulisema jina la aliyeukata kwa sauti, kwa mtu mmoja tu aliyeweza kuusoma.

Nilisubiri aseme. Naapa nilisubiri, na sehemu fulani ya moyo wangu ilitaka aseme. Yeye naye, sasa naelewa, alikuwa ananisubiri mimi. Kisha akasema, "Haya," akauweka mguu chini taratibu, kana kwamba ungeumia, akarudi mahali pake.

Na hapo Mihayo akafanya kile ambacho manju wa kweli hukifanya. Alikuwa anapoteza uwanja, hakuwa na mguu, alikuwa na jina. Akapiga firimbi, ngoma zikaanza upya, na akatunga wimbo palepale. Uliimbwa kwa Kisukuma na kwa Kiswahili unapoteza nusu ya utamu, lakini ulisema hivi:

*Meno ya Mashimba hung'ata ugali,*
*yakiona mninga hukimbia porini.*
*Mashimba, yafuate, yafunge kamba,*
*mchana wa leo utakula uji.*

Mwanamke wa ndoo alianguka kwa kucheka. Migongo ikageuka. Mihayo akamwinua Mnunuzi, akamchezesha kwa mguu mmoja, akimrusharusha kama anayeyakimbiza meno porini, na watu wakarudi, kwanza kumi, kisha hamsini, kisha hata waliokuwa wakimtazama chatu. Tulishinda. Uongo wangu ulishinda mashindano ya mwaka 1995, na jioni ile walinibeba begani.

Na niliimba. Hilo ndilo linalonisuta kuliko yote. Nilivaa miwani ya mbao, nikafungua mdomo wangu nikaimba *Mashimba, yafuate*, nikipiga makofi, na yeye amesimama hatua ishirini kutoka kwangu, koti lake la kanisani limefungwa vifungo vyote. Alikaa mpaka mwisho, kwa kuwa angeondoka mapema wangemcheka zaidi.

Ninyi mnaojua nyimbo za kwetu mnajua zinavyosafiri. Kufikia msimu wa mvua, wimbo ulikuwa unaimbwa na wanawake kwenye palizi, na watoto wakirukaruka kamba. Nililala Nassa siku moja nikausikia kutoka kwa wavuvi wanaokokota wavu. Nyuma ya soko, mafundi walioketi na Mashimba kwa miaka kumi walianza kupita upande wa pili wa barabara, si kwa ubaya, ila mtu hapendi kukutwa akinunua kitu kinachoimbwa. Mwaka uliofuata jiliwa lake halikuwepo tena pale. Walisema amekwenda Mwanhuzi kwa binti yake, Salu.

Nilikuwa na maelezo mazuri. Nilisema, na watu waliitikia kwa vichwa, kwamba ni mambo ya soko huria, vya mikono vinakufa, vya dukani vinakuja, ndivyo dunia ilivyo. Nilijificha humo kwa miaka. Mpaka siku fundi mwenzangu Constantine, akihangaika na mlango wa mninga, aliponiambia hivi hivi tu, "Unajua, Tajudin haleti ya meno makubwa mpaka leo. Bado tungemhitaji yule mzee." Nilijifanya natafuta tupa.

Mwaka 2001 nilipata kazi ya milango ya kanisa moja kule Mwanhuzi. Nchi kavu ile, ng'ombe wengi kuliko watu. Siku ya tatu nikapiga moyo konde, nikauliza kwa Salu nikaonyeshwa.

Mashimba alikuwa amekaa kwenye kivuli cha zizi, macho yamefunikwa na utando mweupe. Alikuwa anatengeneza vitana vya mbao, kwa fremu ndogo ya msumeno wa mkono.

"Mwadila, baba," nikasema.

Akainua kichwa. "Luhaga," akasema, kabla sijataja jina. "Kaa. Mikono yangu inatetemeka siku hizi, nibadilishie hili jino. Lipo kwenye kopo hapo."

Nikachagua jino kwenye kopo. Nikalegeza, nikafungua, nikafunga, nikahakikisha meno yanatazama chini, nikakaza. Nikalidonoa kwa ukucha.

"Bado," akasema.

Nikakaza kidogo. Nikadonoa.

"Hapo."

Nikampa fremu. Salu akaniletea kibuyu cha maziwa ya mgando, akatuacha. Nyuma ya nyumba kuna mtoto alikuwa anaimba, sikuhitaji kusikiliza sana kujua anaimba nini.

"Wajukuu wanaupenda," Mashimba alisema. "Wanadhani ni wimbo wa kunisifu. Nimewaacha wadhani hivyo hivyo."

Nikaweka kibuyu chini. Maneno niliyokuwa nimeyabeba kutoka Bariadi, na kabla ya hapo kwa miaka sita, yalitoka yote kwa mkupuo, msumeno wa Tajudin, gundi, rangi mara tatu, na jino lake ambalo mpaka siku ile lilikuwa limening'inia kwenye msumari wangu likiwa na mafuta yake. Nililia, sioni haya kusema. Haya yangu iko kwingine.

Alinisikiliza mpaka mwisho akiendelea kukata. Kitana kilipofika jino la mwisho akapuliza unga.

"Najua," alisema. "Nilishika mbao ile mimi. Umekuja kuniambia kitu nilichokijua kabla yako."

"Nimekuja kuomba msamaha, baba."

"Kwangu umeshaupata, siku nyingi. Kama si hivyo nisingekupa jino langu ulifunge." Akakipitisha kitana kiganjani. "Ila, Luhaga, pale walikuwa watu wote. Hapa tuko wawili tu, na ng'ombe."

Alinisindikiza mpaka kwenye lango la miiba akinishika bega ili asijikwae, na nilipofika barabarani nilikuwa nimeelewa kabisa alichokuwa ananiambia nifanye.

Niliporudi Bariadi nilimfuata Mihayo. Alikuwa ameshazeeka kidogo, ana ng'ombe wengi sasa, na sehemu ya ng'ombe hao ililetwa na wimbo ule. Nikamwambia ukweli.

"Mimi siwezi kuubadilisha," akasema. "Si wangu tena, huo ni wa watu. Lakini jina lako lingekaa vizuri tu pale. Njoo bulabo ya mwaka huu, simama nikupe firimbi, waambie mwenyewe. Watakucheka siku moja. Halafu nitauimba upya na wewe ndani yake."

Nikasema nitakuja.

Sikwenda. Mwaka ule nilisema naumwa, mwaka uliofuata nilisema nina kazi Maswa, baadaye sikusema kitu na Mihayo hakuniuliza. Mashimba alifariki mwaka wa mvua kubwa. Nilikwenda mazishini, nikapiga misumari ya jeneza kwa mkono wangu, na watu walinisifu kwa moyo wangu. Mihayo naye akafuata.

Yameshapita mengi. Bariadi imekuwa makao makuu ya mkoa. Nina mashine ya umeme, na mjini unapata misumeno ya kila namba. Na mwaka juzi, nikiwa na miaka sitini, nilikwenda Lagangabilili kumtembelea mwanangu Flora, ambaye anafanya kazi kwenye ofisi mpya za wilaya. Jumamosi mchana kulikuwa na ngoma uwanjani. Hata sikujua. Nilifuata vumbi tu.

Manju alikuwa kijana mwenye spika na jenereta. Akaimba tatu nne za siku hizi, kisha akasema, sasa ya wazee, na kabla hajatamka neno watu walishaanza kupiga makofi kwa mapigo yale. Mwili wangu uliyatambua kabla yangu.

*Meno ya Mashimba hung'ata ugali...*

Nilikuwa nimesimama katikati ya watu wasionijua. Hapakuwa na Mihayo wa kunipa firimbi, wala Mashimba wa kusikia, wala mtu hata mmoja aliyemwona Mnunuzi. Nilisubiri ufike mstari wa tatu. Wakaimba *Mashimba, yafuate*, na mimi, kwa sauti yangu yote ya mzee ambayo si nyingi, nikaimba *Luhaga, yafuate*.

Spika ilinimeza. Nikaimba tena, ubeti wa pili, nikapaza zaidi.

Binti mmoja kando yangu, ana simu mkononi, mtoto amelala mgongoni, akanigeukia. Alikuwa na uso mwema.

"Guku, unakosea," akasema sikioni mwangu, kwa upole, kama unavyomrekebisha babu aliye mgeni. "Siyo hivyo. Ni Mashimba."

"Ni Luhaga," nikasema.

Akacheka. "Luhaga ndiyo nani?"

Ngoma zikapanda, mtoto akaamka, na yeye akageuka kumtazama manju kabla sijajibu. Nikajibu hata hivyo.